Muulize Mjomba: ukiishi milele, homuweki utaifanya lini?

Wapwa zangu mwezi huu mmenimaliza. Meseji zimekuja nyingi, nilipoanza kuzipanga nikagundua karibu nusu zinaongelea ugomvi mmoja, ugomvi wenyewe wa saa sita usiku kwenye grupu la WhatsApp la vijana wa kidato cha tatu, kila mmoja kaniandikia kivyake kwa siri hajui kama mwenzake naye kaandika. Na mama wa mmoja wao pia yumo. Basi ya mapenzi na ya mikopo yasubiri mwezi ujao, leo tunalimaliza hili. Majina nimeyaficha, mtajijua wenyewe.

Shikamoo mjomba. Sisi grupu letu la darasa lina watu 11, juzi usiku mtu kauliza nani kafanya namba nne ya hesabu, kimya, mmoja akaandika maisha yenyewe mafupi haya unahangaika na namba nne, mwingine akasema kwani ukipewa kidonge cha kuishi milele utameza? Hapo ndo ikawa balaa mpaka saa nane. Saba tumesema tunameza, wanne hawamezi. Tumewekeana chipsi mayai. Tuamulie. — Nameza na Maji, Temeke

Marahaba mpwa wangu. Mmebishana masaa mawili na hakuna hata mmoja aliyeuliza kidonge chenyewe kinazuia nini, kufa au kuzeeka? Maana hivyo ni vitu viwili. Wagiriki wa kale walikuwa na hadithi ya kijana anaitwa Tithonus, alipendwa na mungu wao wa kike wa alfajiri, yule bibie akaenda kumuombea kwa mkubwa wao uzima wa milele, akapewa, ila alisahau kuombea na ujana. Sasa jamaa akazeeka, akazeeka tena, akakunjamana akabaki sauti tu, akafungiwa chumbani anabwabwaja peke yake, wengine wanasema mwishowe akageuka nyenje. Kwa hiyo nyenje ikikupigia kelele usiku, huyo alimeza bila kusoma maelezo ya kwenye boksi.

Kuna kiumbe kweli kabisa, sio hadithi, kinachokaribia hicho kidonge chenu. Ni konyeza mdogo, yule mnyama wa baharini laini kama jeli, jina lake la kisayansi Turritopsis dohrnii, upana wake haufiki hata nusu sentimita. Huyu akijeruhiwa au akikosa chakula hafi, anajikunja anarudi utotoni, anajibandika chini kama alivyokuwa kabla ya kukua, halafu anaanza upya. Na anaweza kurudia tena. Safi eh? Haya fikiria sasa ungekuwa wewe. Umefika kidato cha tatu, mambo yamekuwa magumu, puuh, uko chekechea unaimba a e i o u na kikombe chako cha uji shingoni. Unapanda tena darasa kwa darasa, unafika kidato cha tatu, unakuta namba nne inakusubiri palepale. Na bado samaki anaweza kukumeza wakati wowote, maana konyeza hafi kwa uzee ila analiwa kama wengine.

Kwa binadamu wa kawaida aliyefika mbali kuliko wote kwa rekodi inayotambulika ni bibi mmoja wa Ufaransa, Jeanne Calment, kazaliwa Februari 1875 kafariki Agosti 1997, miaka 122. Stori yake ninayoipenda ni ya nyumba. Mwaka 1965 ana miaka 90 mwanasheria mmoja wa miaka 47 akaingia naye mkataba, kule kwao upo utaratibu huo, unamlipa mzee hela kila mwezi mpaka afe ndo nyumba inakuwa yako. Jamaa akapiga hesabu, bibi miaka 90, nitalipa mwaka, miwili, mitatu. Kalipa faranga 2,500 kila mwezi kwa miaka 30 mpaka akafa yeye, 1995, kashalipa zaidi ya mara mbili ya bei ya nyumba na hajalala humo hata usiku mmoja, na mjane wake akaendelea kulipa! Bibi yuko zake anadunda. Sasa we unayetaka kuishi milele jiulize utakuwa upande gani wa mkataba.

Chipsi nitazigawa mbele ya safari, usiondoke.

Mjomba shikamoo. Mi ndo niliyeuliza namba nne. Mpaka leo sijajibiwa wanaongelea kidonge tu. Naomba kujua nani alianzisha homuweki, kuna picha inazunguka inasema ni mwalimu wa Italia anaitwa Roberto Nevilis mwaka 1905, wenzangu kila Jumapili jioni wanamlaani. Na kama unaiweza namba nne nisaidie: Umri wa baba ni mara 3 ya umri wa mwanawe. Baada ya miaka 12 umri wa baba utakuwa mara 2 ya umri wa mwanawe. Tafuta umri wa kila mmoja sasa. — Namba Nne, Mtoni

Marahaba mama. Kwanza waambie wenzio waache kumlaani huyo Nevilis kwa sababu laana inakosa pa kutua. Hakuna kumbukumbu yoyote ya maana inayoonyesha aliwahi kuwepo. Picha moja inasema 1905, nyingine inasema 1095, yaani mtu kakosea kupanga namba tu na dunia nzima ikasambaza. Na huo mwaka 1905 homuweki ilishazeeka, tena kule California walikuwa wameshaipiga marufuku kwa sheria kwa watoto wa chini ya miaka 15, sheria ilipita 1901. Ndiyo, najua, mngezaliwa kule wakati ule. Ila usifurahi sana, baadaye waliifuta.

Ukitaka wa kumlaani inabidi urudi mbali, kule Iraki ya leo, miji kama Nippur, karibu miaka 4,000 iliyopita. Watoto waliokuwa wanasomea uandishi walikuwa na vibao vya udongo. Mwalimu anaandika upande mmoja, mtoto anatazama vizuri, anakigeuza, anaandika upande wa pili kwa kichwa. Udongo ukikauka haufutiki kirahisi, kwa hiyo vibao vimebaki mpaka leo kwenye makumbusho, na mwandiko mbaya wa mtoto unaonekana kabisa ukiulinganisha na wa mwalimu, mistari imepinda kama njia ya ng'ombe.

Kipo na kisa kilichoandikwa enzi hizo kuhusu mwanafunzi mmoja. Anatoka shule anafika nyumbani anamsomea baba yake zoezi lake, baba anafurahi. Kesho yake anaamka anamwambia mama nipe chakula changu nisichelewe, anachelewa, anachapwa. Anaongea, anachapwa. Anasimama, anachapwa. Mwandiko mbaya, anachapwa. Mtoto akaona hapa hapana maisha, akamwambia baba bwana mwalimu tumkaribishe nyumbani. Mwalimu kaja kakalishwa kiti cha heshima, kala kanywa kavalishwa nguo mpya kavishwa na pete, akafumbua mdomo akasema mtoto huyu ni hodari sana. Miaka 4,000 hiyo. Mimi sijasema kitu.

Namba nne naifanya mwishoni, naomba unisubiri, najua umeshazoea kusubiri.

Kaka habari za kazi. Mwanangu ana miaka 15, nikimwambia fanya homuweki anasema mama mi bado mdogo maisha marefu. Usiku kucha simu, asubuhi haamki mpaka nimwagie maji. Nimechungulia nikakuta wanabishana kama watu wanaweza kutokufa! Nifanyeje? — Mama Mchovu

Pole dada. Ngoja nikutulize kwanza, ungeweza kuwa mama papa. Kuna papa wa bahari za baridi kule Greenland, mwaka 2016 wanasayansi walitoa matokeo baada ya kupima lenzi za macho ya papa jike 28, yule mkubwa kuliko wote wakamkadiria miaka kama 392, na hata ukibana hesabu kabisa hashuki chini ya 272. Sasa sikia hili, papa hao wanakadiriwa kuwa watu wazima wa kuzaa wakifika kama miaka 150. Dada, miaka 150 ya kubalehe! Kununa, kufunga mlango kwa kishindo, kusema "najua mama", karne na nusu. Wewe umebakiza miaka mitatu minne tu.

Kuhusu simu, usimvamie kama polisi. Mwambie saa tatu usiku simu zote za nyumba zinalala sebuleni kwenye chaji, na ya kwako ikiwemo, hapo ndo penye kazi maana najua na wewe una grupu lako la kikoba. Kubishana kwenyewe usikukataze. Mimi nimesoma meseji zao, kuna waliotaja Wagiriki, kuna aliyemtaja Liyongo, hawa watoto wana vichwa. Ila saa nane za usiku hapana.

Mambo mjomba. Ukiishi milele si unampa tu akili mnemba akufanyie homuweki? — Fasta

Poa, ila ukinisalimia tena nianzie na shikamoo. Rafiki yangu mwalimu wa Kiswahili aliwapa watoto insha, "Nilivyomtembelea bibi kijijini". Kijana mmoja kaleta insha safi, haina hata kosa, bibi yake anaishi Singida, na kila alfajiri bibi anaenda na mtumbwi kuvua samaki baharini. Singida! Mwalimu akamuuliza na bibi anapanda basi gani kwenda huko baharini. Darasa zima mpaka leo linamuita Nahodha.

Shikamoo mjomba. Mi nilisema kwenye grupu kwamba Fumo Liyongo alikuwa hafi, wakanicheka wakasema hiyo ni ya kwenye fasihi tu. — Wa Pwani

Marahaba. Kufa alikufa, ila alikuwa na masharti yake. Hadithi ya pwani ya kule Pate na Ozi inasema mkuki haumdhuru wala mshale, kitu kimoja tu, sindano ya shaba kitovuni. Siri hiyo ikatolewa na nani? Mwanawe wa kumzaa, aliahidiwa ukubwa na kuozeshwa binti wa mfalme. Akamchoma baba yake usingizini.

Hapo ndo napapenda mimi. Liyongo akaamka na maumivu yake, akachukua upinde akaenda mpaka kisimani, akapiga goti, akaweka mshale kwenye upinde, akafa vilevile. Kapiga goti hajaanguka. Mji mzima ukashindwa kuchota maji, kila anayekwenda anamuona kapiga goti kaelekeza mshale, anarudi mbio na ndoo tupu. Siku zinapita, kiu, wakaenda kumbembeleza mama yake akamtulize mwanawe maana wanajua kakasirika. Mpaka alipodondoka ndo wakajua walikuwa wanamuogopa maiti.

Kila grupu lina mtu wa hivyo, anaonekana yuko onlaini siku tatu hajibu kitu na watu wote wanaogopa kuandika. Kwenu nadhani ni admini.

Mjomba, mwalimu wa baiolojia alisema kuna mtu alikufa ila seli zake ziko hai. Nilivyoleta hiyo grupuni wakasema naleta uchawi. — Seli Hai

Mwalimu wako yuko sahihi. Anaitwa Henrietta Lacks, mama mweusi wa Marekani, alifariki tarehe 4 Oktoba 1951 kwa saratani ya mlango wa kizazi akiwa na miaka 31 na watoto watano. Madaktari walichukua kipande cha uvimbe wake bila kumuomba. Sasa seli za kawaida za binadamu ukizilea maabara zinajigawa mara 40, 50, 60 hivi, zinachoka. Zake hazikuchoka, kila baada ya saa 24 hivi zinajigawa, mpaka leo, zimesambaa maabara za dunia nzima na zilitumika hata kujaribia chanjo ya polio. Familia yake ilikaa zaidi ya miaka 20 haina habari.

Sasa hapo mnaweza kubishana vizuri, maana kilichoishi milele kwa yule mama ni ule ugonjwa wenyewe uliomuua. Mimi nikifika hapo huwa nanyamaza. Watu walipata dawa, kampuni zikapata hela, na watoto wake walikua bila mama.

Shikamoo mjomba. Mimi ni mmoja wa wale wanne waliosema hawamezi, wakasema mi muoga. Sababu yangu ni bibi. Ana miaka tisini na kitu, mwaka hasa haujui. Jioni anakaa barazani anataja majina ya wenzake mmoja mmoja, wote wameshakufa. Anasema kinachomchosha sio miguu, ni kwamba hana wa kumwambia unakumbuka siku ile. Nilitaka kuandika hivyo grupuni nikaona aibu nikatuma stika ya mbuzi. Wewe mjomba ungemeza? — Stika ya Mbuzi

Marahaba mpwa. Ya kule akhera sitaingilia, wapo masheikh na mapadri. Ila umeniuliza mimi.

Mwaka juzi alipofariki mama tulifungua sanduku lake la bati, lile la bluu lenye kufuli lililokuwa chini ya kitanda tangu nina akili. Tulidhani tutakuta hati ya shamba. Juu kulikuwa na vitenge viwili havijawahi kuvaliwa, chini yake cheti chake cha ubatizo, na chini kabisa kwenye mfuko wa sukari, daftari langu la hesabu la darasa la nne. Jalada limeliwa na mende pembeni. Nikafungua ukurasa wa kati nikakuta zoezi la kugawanya, nimepata mbili kati ya kumi, na chini mwalimu kaandika kwa wino mwekundu, mwandiko wa kulalia kulia, "Unaweza ila unapenda kucheza." Chini ya hapo pana duara la mafuta, niliweka andazi hapo. Sikuwa nimemfikiria mwalimu yule kwa miaka thelathini, alishafariki zamani, na pale barazani nikasikia sauti yake kabisa akinigombeza, nikacheka mpaka dada yangu akadhani msiba umenipanda kichwani.

Ndo nikakumbuka habari ya mtoto mmoja wa Urusi, Onfim, wa mji wa Novgorod. Miaka ya 1240 hadi 1260 hivi, ana kama miaka sita au saba, anafundishwa kuandika kwa kukwaruza kwenye magome ya mti. Kaandika alfabeti, kaandika silabi, ba na va na ga, akachoka. Akageuza gome akachora dubwana lenye mkia akaandika "mimi ni mnyama wa porini". Kwenye gome jingine akajichora yeye yuko juu ya farasi anamchoma adui mkuki. Vidole vya watu wake havina hesabu, huyu vitatu yule vitano, kama reki. Magome yakapotelea kwenye matope, matope ya kule hayana hewa basi hayakuoza, yakafukuliwa 1956. Aliishije baadaye, alikuwa fundi, alikuwa askari kweli, hakuna ajuaye. Wafalme wangapi wa enzi zake hatuwajui majina, ila huyu mtoto mvivu tunajua alipochoka, silabi ya ngapi.

Kwa hiyo mpwa nisingemeza. Labda ningeuma nusu nikaitema. Na ile meseji ya bibi yako ungeituma vilevile ulivyoniandikia, bila mbuzi. Au achana na grupu, kaa naye barazani muulize hao wenzake walikuwa nani, andika majina kwenye daftari. Uliza na vituko vyao, maana bibi wa tisini akianza vituko vya ujanani utasahau na bando.

Haya, chipsi mayai. Saba wa kumeza mmekosa kwa sababu mlikubali dawa bila kuuliza maelezo. Wanne wa kutomeza, watatu wenu hamkutoa sababu hata moja. Chipsi zinaenda kwa Namba Nne, na kachumbari juu, mtachanga wote kumi.

Na wewe Namba Nne chukua kalamu. Umri wa mtoto sasa uite x, baba ni 3x. Baada ya miaka 12 mtoto atakuwa x + 12, baba 3x + 12, na hapo baba ni mara mbili ya mtoto, kwa hiyo 3x + 12 = 2(x + 12). Fungua mabano, 3x + 12 = 2x + 24. Hamisha, x = 12. Mtoto ana 12, baba ana 36. Hakikisha, baada ya miaka 12 mtoto 24 baba 48, sawasawa.

Ukitaka kuwatesa wale saba waulize hivi, baba na mtoto wakimeza kidonge wote, lini watalingana? Baada ya miaka 1,200 mtoto ana 1,212 baba ana 1,236, unaweza kusema ni marika, ila bado mtoto ndo anayetumwa dukani.

Najua daftari lilishakusanywa wiki tatu zilizopita, gazeti letu linatoka mara moja kwa mwezi nitafanyaje. Likirudishwa liandike hivyohivyo kwenye masahihisho, na uonyeshe njia, walimu wa hesabu hawapendi jibu tupu.